Mavi ya Chuma

Mjane wa mhunzi alikaa na jiwe mapajani. Mezani hakuthubutu kuliweka, meza ya Mtaalamu wa madini ilikuwa na kioo. Tangu asubuhi ameambiwa asubiri, na kusubiri ndiyo kazi pekee ambayo maskini hanyimwi.

Mtaalamu hakulitazama jiwe. Alitazama picha tatu za jiwe hilo ambazo mjumbe wa ofisi alizipiga shambani kwa mjane, akizigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya.

"Jeusi, linang'aa, lina vitundu. Hili lina madini. Barua umepata: kufika Ijumaa uwe umehama."

"Bwana mkubwa, mahindi yameanza kubeba. Sina shamba jingine. Na hayo si madini, ni mavi ya chuma."

Karani akaguna pembeni. "Lugha, mama! Hapa ni ofisini."

"Ndiyo jina lake, mwanangu. Chuma kikiyeyuka, uchafu hubaki chini ya tanuri, ukipoa unakuwa hivi. Marehemu aliyeyusha, mimi nikabeba kwa karai, nikamwaga kwenye kona ya shamba. Miaka ishirini na sita."

"Umesomea wapi madini?"

"Kwenye karai."

Karani alicheka hadi akapaliwa. Mtaalamu hakucheka. Alikuwa amesoma nchi mbili, na kote huko hakuna jiwe lililowahi kumchafua vidole.

"Lipasue, bwana mkubwa. Nyundo nimekuja nayo."

"Hatupasui mawe hapa. Tunasoma picha."

"Basi lishike tu. Mungu alitupa macho na mikono. Kimoja kikidanganya, kingine kiulizwe."

Mkono wa Mtaalamu ulibaki mfukoni. "Ripoti imeshafika kwa wakubwa. Unataka nikawaambie nini? Neno lako hilo?"

Mjane akalikumbatia jiwe. Ghafla uso wa Mtaalamu ukachangamka.

"Jiwe umelitoa wapi, mama?"

"Si ni kule shambani kwangu!"

"Kwenye eneo la madini. Kibali cha kuyasafirisha kiko wapi?"

Askari aliitwa. Akaomba gari, kituo kiko mbali. Mtaalamu akachungulia hiyo mali ya taifa, masizi yakipukutika kwenye sketi ya mjane, akakataa: jiwe litachafua viti. Likabebwa na mtuhumiwa.

Njia ya kituoni hupita kando ya shamba. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Vijana wanne walikuwa katikati ya mahindi wakipigilia vigingi, na palipokuwa na bua waliling'oa, wakalitupa juu ya mengine. Mmoja alikuwa anatafuna hindi bichi.

Mjane akasimama. Jiwe likamteleza kidogo mikononi.

"Wee mama!" Askari akamgusa mgongo kwa rungu. "Shika kwa mikono miwili. Likianguka likapasuka, hiyo ni kesi ya pili."