Kamba Iliyoanikwa

Generoza alipima tena, akiomba mashine iwe imekosea. Haikukosea.

Mashine ya Raman haina maneno mengi. Unamulika kitu kwa mwali wa leza, mwanga unaorudi unachora vilima kwenye kioo, na kila plastiki ina vilima vyake. Kazi ya Generoza pale Biharamulo ilikuwa kuchunguza jinsi jua linavyokula matangi ya maji. Kipande cha leo alikikata kwenye ncha ya kamba ya mwanawe Irakoze, mchimba visima, apate tu plastiki nyingine ya kulinganisha. Sasa vilima vyake vilikuwa vimezama kwenye mng'ao mzito, kama milima ya Ngara ndani ya ukungu. Tangi lenye mchoro kama huo alikuwa amelitoboa juzi kwa kidole.

Akampigia Irakoze simu. Akapokea Jean Paul, mvuta kamba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe Irakoze."

"Yuko chini tangu asubuhi. Tuko Nyakahura, kwa mzee Felisiani. Kisima kirefu balaa!"

"Msimpandishe kwa kamba hiyo. Imeoza."

Jean Paul akacheka. "Kamba yetu? Mama, hii tunailea kuliko wake zetu. Kila jioni tunaiosha tope, tunaianika juu ya bati. Haijawahi kulala mbichi."

Hapo Generoza akaelewa. Kumbe ndivyo walivyoiua. Marehemu mumewe, aliyemfundisha Irakoze kazi, alitumia katani, na katani ikilala mbichi huoza. Irakoze alinunua kamba ya plastiki lakini akaitunza kama ya baba yake. Jua likaila mwaka mzima, nje ikibaki nzuri.

"Nisikilize. Itoe shimoni, ifunge kwenye mti, mbali na shimo. Kisha ivuteni, wanaume wawili, kwa nguvu zenu zote. Simu usikate."

Alisikia watu wakitaniana, wakiguna. Kisha mlio mkavu, kama kuni inapovunjwa gotini. Wengine wakacheka. Halafu hakuna aliyecheka.

"Mama." Sauti ya Jean Paul ilikuwa imenywea. "Imekatika. Tumeanguka chali."

Kwa mbali, kutoka ardhini, Irakoze alikuwa akipiga kelele: "Nyie! Nimegonga maji! Yanafika kifuani, mbona hamnivuti?"

Mtandao ukakata.

Njia nzima Generoza alikuwa nyuma ya bodaboda, akipiga simu isiyoita.

"Mama, unanibana mbavu," dereva akalalamika.

"Endesha!"

Kila aliyesimama kando ya barabara, Generoza alimwona kama mtu aliyetumwa kumletea habari za msiba. Alifikiria namna ya kumwambia mke wa Irakoze, akajikemea, akafikiria tena.

Kwa Felisiani watu walikuwa wamezunguka shimo. Mzee alikuwa amefungua kamba za katani za ng'ombe wake, na Jean Paul alikuwa akiziunga. Generoza hakusalimia mtu. Alikanyaga kila fundo, akalivuta kwa mikono miwili, moja akalifungua na kulifunga upya.

"Irakoze!" akaita shimoni.

Jibu likapanda kwa unyonge: "Maji... shingoni."

Wakateremsha kitanzi, Irakoze akajifunga.

"Vuteni. Polepole."

Katani ikalia juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa shimo. Wengine waliita majina ya watakatifu. Generoza aliyakodolea macho mafundo tu, moja baada ya jingine, yakipita. Kikatokea kichwa chenye tope.

"Mama?" Meno yalikuwa yakimgongana. "Umefuata nini huku?"

Generoza alimshika sikio kama mtoto mdogo, na alichelewa kuliachia. Kisha akaomba panga, akaiburuta kamba ya plastiki hadi kwenye kisiki, akaanza kuikatakata.

"Mama, jamani! Si ningefungia hata mbuzi?"

"Mbuzi naye ana mama," akasema, akaendelea kukata, mpaka panga likawa linakosa kamba na kupiga kisiki.