Pipeti Iliyosingiziwa

Pipeti, kile kifaa cha kuvuta na kupima matone, haikuwa na kosa. Mpimaji wa maabara alianza kulishuku hilo mapema kuliko alivyotaka.

"Imechoka hii," alisema mkuu wake, Mzee Tone, akiirudisha kwenye kibanio. "Itupe, ufungue nyingine."

Ilikuwa siku ya tatu ya majibu kuyumba. Kila asubuhi, kabla ya kugusa damu za wagonjwa, mzee hupima kwanza sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Sampuli ya sukari ilikataa katakata kutoa jibu lake: mara juu, mara chini. Tena daktari wa wodi alikuwa amepiga simu, akiuliza inakuwaje mgonjwa mmoja apate majibu mawili, mbingu na ardhi, ndani ya saa moja.

Mzee ndiye aliyemfundisha mpimaji kazi, miaka kumi na miwili iliyopita. Jina la Tone alipewa na wenzake kwa kuwa hakuwahi kumwaga hata tone. "Taratibu," alikuwa akimwambia kila aliposhika pipeti, "bibi harusi huyo, havutwi kwa pupa." Mpimaji alimpenda kama binti ampendavyo baba. Basi mzee alipokwenda kunywa chai, mpimaji alivuta maji safi kwa pipeti ileile, akayaweka kwenye mizani ya kioo. Kipimo kile cha maji sharti kiwe na uzito wa miligramu mia. Alipima mara kumi. Mia. Mia. Tisini na tisa. Mia. Pipeti nzima kabisa.

Angeweza kunyamaza. Mzee alibakiza miezi mitano astaafu. Pipeti mpya ingefunguliwa, ya zamani ikaenda jaani na lawama zake, yakaisha. Lakini wodini kulikuwa na mtu aliyechomwa sindano ya kushusha sukari kwa kufuata namba zile. Akaona aibu hata kuwaza hivyo.

Mzee aliporudi alimkuta amesimama kando ya mizani.

"Mzee, samahani. Hebu nipimie."

"Kwani wewe huna mikono?"

"Ninayo. Nataka mkono wako."

Mzee alichukua pipeti. Akaketi, akavuta maji, akayaachia. Tisini na mbili. Akarudia. Themanini. Mara ya tatu kidole gumba kilitetemeka juu ya kitufe, na wote wawili wakakiona. Mpimaji alitamani mizani ile iharibike palepale.

"Mkono huu unanisumbua tangu mwezi uliopita," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Nikajidanganya ni baridi. Lete daftari la vifaa vibovu."

Akaandika polepole, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Penye kifaa: mkono wa kulia. Penye hitilafu: unatetemeka. Penye hatua: uondolewe kazini. Kisha akamsogezea daftari.

"Weka saini."

"Mzee, siwezi."

"Kifaa hakiondolewi na mtu mmoja. Unajua utaratibu."

Alitia saini huku machozi yakimtoka, akafungua friji na kuanza kutoa sampuli zote ili zirudiwe. Nyuma yake mzee alikuwa ameshainua simu.

"Daktari, sukari ya mgonjwa wako nilikosea mimi. Sindano inayofuata isubiri kidogo. Anayepima sasa ni binti yangu."