Shangazi Alipopiga Chafya

Jumatatu asubuhi Shangazi alipiga chafya tatu mfululizo juu ya meza ya kazi, katikati ya saa mbili zilizokuwa zimefunguliwa matumbo. Fundi Saa alitoa kioo chake jichoni, akamtazama. Kamasi jepesi, macho yenye ukungu, na chafya kavu isiyo na vumbi la kusingizia. Aliutambua ugonjwa huo papo hapo, kama mtu anavyotambua koti lake mgongoni mwa mwingine.

Shangazi, ieleweke, alikuwa paka. Jina alipewa na marehemu mke wa fundi, kwa sababu siku ya kwanza aliingia bila hodi, akachungulia kila sufuria, kisha akaketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote akiwatazama wenye nyumba kana kwamba wamechelewa kumkaribisha. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, hatoki nje, na kinywani hakubakiwa na jino hata la ushahidi.

Fundi alikuwa na siri mbili. Ya kwanza ni kwamba wiki mbili nyuma alishikwa na homa. Alichukua kwa siri kimoja cha vile vipimo vya korona ambavyo mwanawe aliviweka kabatini, akajipima, akaona mistari miwili, akakifukia kwenye ndoo ya taka chini ya maganda ya viazi. Kisha akatangaza kwamba mgongo umemkaza. Alijifungia chumba cha nyuma siku kumi, akaletewa chakula mlangoni, akawa anakohoa ndani ya mto.

Kwa nini asiseme? Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama wa mkwe huyo, mwanamke asiye na mzaha, alishaonya kwamba kikisikika kikohozi kimoja tu katika nyumba ile, atakuja kumchukua binti yake akajifungulie kwake, safari ya siku nzima. Na fundi alikuwa amemsubiri mjukuu huyo miaka saba. Basi mzee mzima akajitia hamnazo. Hakuna wa kumtetea hapo, na yeye mwenyewe hakujitetea.

Siri ya pili ilimtia aibu zaidi. Alikuwa akimtafunia Shangazi nyama. Marehemu ndiye aliyeanza, paka alipoishiwa meno, na siku yake ya mwisho hakuzungumzia nguo zake wala vyombo vyake. Alisema tu, "Shangazi asilale njaa." Tangu siku hiyo fundi hufunga mlango kila jioni, akatafuna nyama mpaka ilainike, akamwekea paka kiganjani. Hata siku za homa hakuruka. Mtaani aliheshimika, watu humwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na aliapa siri hiyo ataondoka nayo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na paka.

Jumatano Shangazi alikataa kula. Mwana wa fundi, mwalimu wa hesabu, alimwita daktari wa mifugo, dada mmoja mpole mwenye glavu na barakoa, aliyechukua kamasi kwa kijiti cha pamba. Ijumaa alirudi na karatasi ya maabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari."

"Ana korona," alisema, bila kuzunguka. "Msiogope sana. Paka na mbwa wengi hupata mafua tu, wakapona. Na mara nyingi huambukizwa na watu wa nyumbani."

"Humu ndani hakuna aliyeugua," mwalimu alisema. "Na huyu hatoki nje."

"Basi hesabu yako ina kasoro, mwalimu."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono tumboni. "Nimwogeshe kwa dawa ya kuulia vijidudu?"

"Hapana, mama. Itamuunguza ngozi, na akijilamba itamuua. Wala msimvishe barakoa. Anahitaji chumba chake, maji, chakula laini, na mtu mmoja wa kumhudumia kwa wiki mbili. Wewe usimkaribie. Ingefaa awe mtu ambaye ameshaugua karibuni akapona. Yupo?"

Saa za wateja ziligonga ukutani, kila moja na wakati wake.

"Hayupo," mwalimu alisema. Alishaandaa boksi la sabuni. "Nitampeleka sokoni. Kule kuna paka wengi, atajitegemea."

"Bila meno?" daktari aliuliza. "Kumtupa ni kumuua polepole."

"Dada yangu, mke wangu amebakiza wiki tatu. Nikiambiwa nichague, nimeshachagua." Hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu, na hofu ya baba mtarajiwa haina masikio.

Akamwinua Shangazi. Paka aliyezoea kumparura kila amgusaye hakutoa hata kucha. Alilegea tu ndani ya boksi, akageuza shingo kumtazama fundi. Hilo ndilo lililomchoma. Angenyamaza dakika mbili tu, mjukuu angezaliwa humu humu na yeye angekuwa wa kwanza kusikia kilio chake. Paka ni paka, watu wangesema. Fundi aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa.

"Mrudishe," alisema. "Niliugua mimi."

Mwalimu aligeuka na boksi mikononi.

"Haukuwa mgongo. Na chakula chake nakitafuna mimi kwanza. Kila siku. Mama yako ndiye aliyeanza."

Daktari aliinama kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakukipata. Mwalimu aliketi.

"Kumbe ndiyo maana kipimo kimoja hakionekani," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Baba, na mtoto je? Ungetuua."

"Najua. Nilikuwa najua kila siku."

"Na ule mchuzi?" mkwe aliuliza.

"Mchuzi upi?"

"Niliokosea nikatia chumvi mara mbili. Mwanao aliisukuma sahani yake kando. Wewe ukaomba uongezwe, ukasema mtamu. Miaka saba hujawahi kusifu chakula changu, Baba. Nilimpigia mama simu kumwambia."

Kumdanganya mara moja zaidi kungekuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Ugonjwa ulinipokonya ladha, mwanangu. Siku ile ningekula hata sabuni."

Mkwe hakulia. Aliingia chumbani, akampigia mama yake simu, kisha akaanza kupanga nguo kwenye begi. Mume na mke walijipima, mstari ukawa mmoja kwa kila mmoja. Fundi na Shangazi walihamia chumba cha nyuma, na begi likawekwa karibu na mlango wa mbele kungoja asubuhi.

Jioni mlango wa chumba cha nyuma ulibishwa. Chini kulikuwa na sahani mbili. Moja ilikuwa na nyama iliyokatwakatwa kwa kisu mpaka ikawa laini kama uji, isiyohitaji jino la mtu wala la paka. Ya pili ilikuwa ya fundi, wali na mchuzi.

"Onja kabla sijaondoka," sauti ya mkwe ilisema kutoka ukumbini.

Fundi akaonja. Ulimi ukamshtuka.

"Chumvi imezidi, mwanangu. Imezidi sana."

"Nimetia makusudi."

Akatua kijiko sahanini.

"Mtu akisema ukweli kuhusu chumvi, mengine yanazungumzika," mkwe alisema. "Ila ukikohoa tena, useme." Kisha akamwita mumewe arudishe begi chumbani.

Shangazi alikuwa ameshaanza kula, peke yake, kutoka kwenye sahani. Fundi alikaa sakafuni karibu naye, akalia kidogo, akamaliza mchuzi wote.