Nadhiri ya Mwosha Maiti

"Nia ya maulidi ni ipi, Bi Mwahija? Nataka kuitaja kwenye dua."

Mwalimu Fakihi aliuliza kwa mara ya pili, kasimama mlangoni mwa ua. Pilau ilikwisha kuiva, na pilau ikiiva hapa Kivinje hata mchamungu huingiwa na haraka. Mwahija alifuta kwenye kanga mikono iliyoosha maiti za kike za mji mzima.

Nia aliijua. Miaka mitatu iliyopita, mwanawe Salumu alipopelekwa kupigana Burma, aliweka nadhiri: "Mola, vimalize vita hivi kwa njia yoyote, unirudishie mwanangu, nami nitasoma maulidi." Kwa njia yoyote. Alitamka mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Salumu karudi mzima, na asubuhi hiyo alikuwa amemsimulia mamaye habari ya mabomu mawili yaliyoteketeza miji miwili ya Wajapani.

"Maiti zao aliziosha nani?" Mwahija aliuliza. Yeye maji ya maiti huyapasha moto kidogo, akayajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga.

"Wengine hakukubaki cha kuosha, mama. Majivu tu."

"Na watoto?"

"Na watoto. Lakini yasingeangushwa, sisi tungerudishwa vitani. Ungependa nife mimi?"

"Ningekuchagua wewe. Hata leo ningekuchagua wewe. Ndiyo maana naogopa."

Sasa akamwambia Fakihi, "Sema mwanangu amerudi. Kuisha kwa vita usikutaje, ingawa kumo katika nadhiri yangu."

"Nadhiri haikatwi vipande, Bi Mwahija. Ukipunguza, hujaitimiza. Unataka kumtia mtoto mashakani?"

Hapo alinaswa. Tangu utotoni aliambiwa kwamba nadhiri isiyotimizwa humrudia yule aliyewekewa. Moyo ulimuuma, lakini Salumu alikuwa mmoja tu.

"Haya. Soma yote."

Fakihi akarudi barazani, akainua mikono. Akamshukuru Mungu kwa kijana aliyerejea, kisha akamshukuru kwa vita vilivyokwisha.

"Amina!" wakaitikia wageni, wengine macho yakiwa kwenye masinia.

Mwahija aliitikia nyuma ya pazia. Akalisogeza pazia kidogo amwone mwanawe. Salumu alikuwa amekaa katikati ya watu, ndani ya kanzu mpya. Mikono ya wote ilikuwa juu. Yake ilikuwa mapajani, na midomo ameibana.