Vigingi vya Fundi Cherehani

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu bila hilo mtu hataelewa mambo ya vigingi.

Wiki mbili kabla hajafariki alishuka upande wa chini wa nyumba, kule kiwanja kinakoteremka, akapigilia vigingi vinne alivyovikata kwenye mpini wa fagio. Akavizungushia ukanda wa kitambaa cha bluu, masalio ya sare za shule.

"Chumba cha Mama hicho," akaniambia. "Kitaungana na sebule, sakafu moja, bila ngazi hata moja."

Mama ni mama yake. Tangu miguu imgomee anatumia kiti cha magurudumu, na vyumba vyetu vya kulala viko juu, ngazi tano kutoka sebuleni. Kwa hiyo alikuwa akilala sebuleni, nyuma ya pazia. Mgeni akija na kukaa sana, Mama hulazimika kujifanya amelala.

Mume wangu alianza kulalamika kifua siku ya Jumatatu. Alhamisi tukamzika. Vigingi vikabaki. Nikifyeka majani nilivizunguka, na kuku akiuchezea ule ukanda nilimfukuza. Miezi minne ikapita. Mvua ilipokaribia, nikamwita mwashi, maana udongo ukishalowa hakuna msingi utakaochimbwa pale.

Mwashi wetu watu humwita Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa chake cha kupimia usawa, ambacho hakiachi hata akienda kutoa pole. Alisimama juu ya mteremko, mikono kiunoni.

"Shemeji, ardhi yako ina kiburi. Ukitaka nikupunguzie mawe, tuifuate. Sakafu ishuke, tuweke ngazi tatu pale mlangoni."

"Mama hapandi ngazi."

"Tutamwekea ubao wa kuteremkia."

"Ateremke mpaka aishie kwa jirani?"

Akacheka. "Haya, tunyanyue msingi. Shika hapa."

Akanipa ncha moja ya mpira mwembamba uliojaa maji, niishike usawa wa kizingiti cha sebule. Yeye akashuka na ncha nyingine mpaka kigingi cha chini, akasimamisha fito. Maji yalipotulia akatia alama kwenye fito. Kutoka alama ile hadi ardhini, mita moja na nusu. Kisha akavuta futi yake ya chuma hewani, kutoka ukutani hadi kwenye fito, ikanyooka sawasawa. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Marehemu aliandika chumba kiwe na urefu gani?"

Nikaleta daftari lake la vipimo vya wateja. Alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa Mama, chini ya bega, kifua na urefu wa gauni: *Chumba, urefu 400, upana 300.* Pembeni akachora kitanda, nafasi ya kugeuzia kiti, na kabati.

"Hapa ni mia tatu sabini na moja," akasema Pimamaji.

"Haiwezekani. Yule hakukosea kipimo hata siku moja."

"Alipimia nini?"

Nikaileta futi yake ya kitambaa, ile ya kuvaa shingoni. Alikuwa ameunganisha mbili kwa uzi, kisha akaongeza ya tatu. Pimamaji akailaza chini, ikafuata mteremko kuanzia ukutani hadi kwenye kigingi. Mia nne, bila kupungua.

"Unaona? Alipima kilima kama anavyopima mgongo wa mteja. Nguo inafuata mwili, shemeji. Sakafu haifuati kilima." Alikuwa anatabasamu, kisha aliponitazama akaacha.

"Usiviguse," nikasema. "Jenga palepale alipoviweka."

"Ni sentimita ishirini na tisa tu kuvisogeza."

"Aliviweka kwa mkono wake."

Pimamaji akakuna kichwa. "Nyumba ni yako. Lakini bibi atanilaani mimi, wewe hutalaaniwa."

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. "Nani anamlaani nani huko?" Mama akauliza.

Tukaingia. Pimamaji akamwamkia na kumweleza yote, taratibu, bila kumcheka marehemu. Mimi nilisimama karibu na cherehani. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mmeshachimba?"

"Bado, bibi."

"Basi nijaribu kwanza. Mwanangu hakumaliza nguo ya mtu kabla mwenyewe hajaijaribu."

Tukasogeza makochi. Nilifungua droo ya cherehani, nikatoa chaki bapa ya marehemu, na Pimamaji akachora chumba sakafuni: mia tatu sabini na moja. Akachora kitanda mwisho mmoja, kabati mwisho mwingine. Mama akaingia kwa kupitia mlango wa chaki, akashika magurudumu, akageuka.

"Nimeingia kabatini," akasema.

Akarudi nyuma, akajaribu upande wa pili. Gurudumu likakata mstari wa kitanda.

"Na sasa nimekanyaga mto."

Pimamaji akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mimi nikasema, "Kabati tuliondoe."

"Na magauni yangu niyaweke wapi? Kichwani?"

Magauni yote yale aliyashona mume wangu.

"Njoo hapa," Mama akaniambia. Akageuza ubavu wa gauni alilovaa, akanionyesha mshono kwa ndani. Kando ya mshono ulikuwapo mstari mwingine wa vitundu vidogo, umenyooka toka kwapani hadi kiunoni. "Hapo ndipo alipopitisha sindano mara ya kwanza. Nilipojaa mwili gauni likanibana. Akafumua, akapanua. Hakuniambia, Mama, jikaze, maana nimeshashona."

Nikapitisha kidole juu ya vile vitundu. Kisha nikamwomba Pimamaji futi ya chuma.

Tulishuka wote wawili. Alinyoosha mkono kushika kigingi cha kwanza cha chini, nikamwambia aache. Nilikitikisa mwenyewe mpaka kikalegea, kikatoka na udongo mkavu kwenye ncha. Pimamaji akasimamisha fito mahali papya, akavuta futi hewani, akasema, "Mia nne. Piga." Nikapiga. Cha pili vilevile. Kwa sababu ya mteremko, vilishuka zaidi ya nilivyotegemea. Vile viwili vya ukutani hatukuvigusa. Vilikuwa sawa.

Ukanda ndio uliopungua. Pimamaji akachomoa kamba mfukoni.

"Ngoja," nikasema.

Kitambaa cha bluu kilikuwa kimekwisha. Kwenye kapu chini ya cherehani nilipata cha kahawia, nikakata vipande viwili. Sijui kushona kwa mashine, kwa hiyo nilivifunga kwa fundo, kimoja kila upande, nikavuta mpaka ukakaza.

Mama alikuwa dirishani. "Mbona rangi mbili?"

"Ndicho kilichokuwapo, Mama."

"Haidhuru," akasema. "Wachimbe kesho."