Tufo la Get

Sumaia alikwenda Afungi, kwenye kambi ya gesi, kutafuta kazi ya jikoni, akarudi Palma na kichekesho. Na kichekesho kikifika Palma hakilali njaa, kila nyumba inakikaribisha.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa chini ya bahari, na kila aliyejua Kiingereza cha salamu akajiona waziri. Hélio, kijana wa Mueda aliyesomea Mtwara, alimfundisha Sumaia kwamba get ni kupata, basi. Siku ya majaribio mpishi mkuu wa kambi, mgeni mwenye sauti ya radi, akapita na sufuria inayochemka, akapiga kelele: "Get back!" Wenzake wakaruka nyuma. Sumaia, mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, akapiga goti na kunyoosha mikono miwili apokee. Nusura apokee supu kichwani. Akaambiwa atajaribiwa mara moja tu tena.

Aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Tangu aachike alikuwa akila kwa kaka yake, na wifi alimpakulia wali kana kwamba anaukata mwilini mwake. Mwanamke mzima kuomba ukoko! Ilimuuma.

Hélio akaja kuomba radhi. "Desculpa, senhora. Kitenzi hiki kina watoto wengi. Get up, inuka. Get down, inama. Get back, rudi nyuma. Get ready, jiandae. Ukitajiwa kitu, get hicho kitu, basi kilete."

"Na nikumbuke yote hayo sufuria inanijia usoni?"

Awa, kiongozi wa kundi lao la tufo, ngoma ya wanawake ya kuimba na kucheza kwa safu, alikuwa akisuka ukili pembeni. Akautupa chini.

"Tufo umelisahau lini weye? Kichwa cha ntu kinasahau, magoti hayasahau. Hélio, yaseme. Siye tutayacheza."

Jioni ile wanawake wakapanga safu uwanjani kwa Awa, wamejifunga kapulana sare, matari yakalia. Hélio akaita, "Get up!" Safu ikainuka, ikaitikia, "Tumeinuka!" "Get ready!" Wakakaza kapulana viunoni, "Tuko tayari!" "Get back!" Hatua moja wote, "Tumerudi nyuma!" Kijana akajaribu kuwachanganya, akachanganyikiwa mwenyewe. Watu walikuja kucheka, wakaishia kupiga makofi. Hata mimi ninayesimulia siwezi tena kulisikia neno lile nikatulia kitini.

Siku ya majaribio ya pili kundi zima likapanda chapa, basi dogo la abiria, kwenda Afungi, maana sasa kila mmoja alijiona anaiweza kazi. Hélio akafuata kuwa mkalimani. Jikoni mpishi akaita, wao wakatenda, miguu ikitangulia mawazo. Mara mafuta kikaangoni yakashika moto.

"Get back!"

Safu ikarudi hatua moja, pamoja, na midomo ikaimba yenyewe: "Tumerudi nyuma!" Mpishi akapiga kelele tena, get na neno jingine ambalo Sumaia hakuwahi kulisikia. Lakini get ilimwambia lete, na kidole cha mpishi kikamwonyesha mfuniko ukutani. Akaunyakua, akampa. Mpishi akaufunika moto, moto ukafa.

Mgeni akajifuta jasho, akamwuliza Hélio wanawake hawa wamesoma shule gani.

"Mwambie uwanjani kwangu," Awa akasema, "na ada yake vigelegele."

Mpishi akacheka mpaka akashika meza. Akawachukua wote, na wa kwanza kuchaguliwa kwa kidole alikuwa Sumaia.

Vigelegele vilivyopigwa getini viliwatoa walinzi vibandani. Sumaia alilia kwa furaha bila kuona haya. Chapa iliposimama Palma, wenzake wakageukia makwao. Yeye akamshika Awa mkono.

"Dada Awa, nisindikize. Nnakwenda kutafuta chumba. Leo nnataka kupika kwangu."