Mkwe Alipochomoa Bodi Nzima

Hospitali yote ilijua kwamba fundi angekuja asubuhi ile, maana mkuu wa chumba cha eksirei alikuwa amewatangazia tangu juzi. "Anayekuja si fundi wa kuokoteza," aliwaambia wauguzi. "Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mashine ikimwona tu inapona."

Fundi alipofika na begi lake, alimkuta mama mkwe amesimama mlangoni pa chumba cha mitambo pamoja na wauguzi wawili na mfagizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nimewaleta wenzangu wakuone kazini."

Fundi aliona haya, lakini haya yenye utamu ndani yake.

Mtambo mgonjwa ulikaa katikati ya kabati refu la chuma. Ulijaa diski zilizotunza picha zote za hospitali: mifupa, mapafu, vichwa. Nyuma ya diski hizo zilipangwa bodi kuu mbili ubavu kwa ubavu, kila moja kwenye trei yake. Moja ikifa, nyingine hubeba mzigo peke yake. Sasa ya kushoto ilikuwa imekufa, na taa yake ya njano iliwaka pale mbele, kila mtu akiiona.

"Nikuwashie taa ya kule nyuma, ujue ya kuchomoa ni ipi?" aliuliza afisa kompyuta wa hospitali.

"Ndugu yangu, hizi nazijua kama njia ya nyumbani kwangu."

Wauguzi wakacheka. Mama mkwe akacheka kuwashinda wote, kisha akawaswaga warudi kazini.

Fundi akazunguka nyuma ya kabati. Akavaa mkanda wa mkononi, ule unaozuia umeme wa mwili usiunguze bodi, akatoa kebo za trei ya kushoto, akafyatua kishikizo, akavuta. Mtu akizunguka nyuma ya kabati, kushoto kwa mbele huwa kulia. Jambo hilo alilijua tangu siku yake ya kwanza kazini, na siku hiyo halikumjia kichwani kabisa.

Mvumo wa mtambo ukakatika. Afisa kompyuta akageuka taratibu. "Kaka, umechomoa nzima."

Fundi akairudisha trei haraka, lakini mtambo wa namna ile hauamki kama taa ya chumbani. Lazima ujikague kwanza, diski moja baada ya nyingine. Mama mkwe akaingia mbio. "Jamani, picha zimetoweka kwenye skrini zote! Daktari wa upasuaji ana mgonjwa mezani, keshalazwa usingizi!"

Akamtazama mkwe wake, jasho lililomtoka, macho yaliyokimbilia sakafuni. Akaelewa. Simu ya ukutani ikalia, akaipokea mwenyewe.

"Ni umeme, daktari," alisema. "Umecheza kidogo. Mafundi wanashughulika."

Akakata simu, akatoka bila kumwangalia mtu.

Picha zilirudi baada ya kitambo kirefu, hata moja haikupotea. Baada ya hapo fundi aliomba taa ya nyuma iwashwe, akavuta trei iliyokufa, akahamishia kwenye bodi mpya vibao vya kumbukumbu na kadi zake, kila kimoja mahali pake. Alifanya kazi safi, lakini kila skrubu aliyoikaza aliikaza kama mwizi anayefunga mlango wa watu.

Akiwa anatoka, kitanda cha magurudumu kilipita kwenye korido. Juu yake alilala bibi mmoja aliyevunjika nyonga, usingizi wa dawa haujamtoka sawasawa.

"Wameshanitengeneza?" bibi aliuliza.

"Bado, bibi," muuguzi akamjibu. "Umeme ulisumbua. Watakupangia siku nyingine."

Mbele kidogo, daktari wa upasuaji alikuwa anamfokea fundi umeme wa hospitali, mtu mzima mwenye mvi. "Jenereta unaitunza au unaipigia picha?" Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yao, mikono mifukoni mwa koti lake jeupe.

Fundi angeweza kupita. Miguu yake ilitaka kupita.

"Daktari, haukuwa umeme," akasema. "Ni mimi. Nilichomoa bodi isiyo yenyewe."

Daktari akamkodolea macho, kisha akamgeukia mama mkwe. "Lakini mama, wewe si ndiye uliyeniambia umeme?"

Mama mkwe akatazama viatu vyake. Mfagizi na wale wauguzi wake wawili walikuwa pale koridoni, wakimtazama.

Daktari alipoondoka, fundi alimwendea fundi umeme amwombe radhi. Yule bwana akatikisa kichwa. "Mimi kufokewa nimezoea, mwanangu. Yule mama hakuzoea. Ungemwita kwanza chemba, mkaenda kusema wote wawili."

Maneno yale yalimchoma kuliko ukali wa daktari, kwa kuwa hata wazo hilo halikumjia.

Jioni mkewe alikuwa keshapata habari. "Mama anasema umemvua nguo mbele ya watu."

"Nisingesema, yule baba wa watu angebeba kosa langu."

"Najua. Na mama anajua. Ndiyo maana analia. Amesema Jumapili tusiende kwake wote. Niende mimi na watoto."

Jumapili wakaenda. Fundi akabaki nyumbani, akafua, akaanua, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Waliporudi, mkewe alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Mama kasema ule."

"Kasema nini kingine?"

"Kasema ule, basi."

Akakaa, akanawa mikono, akala. Alipomaliza, aliliosha bakuli lile mwenyewe, akalifunika kwa kitambaa kilekile.